Saratani ya tishu laini za mguu na nyonga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Saratani ya tishu laini ni nini hasa?

Ukiondoa mifupa, karibu kila kilichobaki mguuni chini ya ngozi ni tishu laini: mafuta, misuli, kano, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na utando mgumu unaofunika misuli. Saratani inayoanzia humo huitwa sakoma. Zipo aina zaidi ya 50, ndiyo maana watu wawili wenye uvimbe mahali palepale pa paja wanaweza kupewa matibabu yasiyofanana hata kidogo.

Kwa watu wazima ni saratani adimu, takriban 1 katika kila saratani 100. Kwa watoto ni kama 7 katika 100. Uadimu huo una gharama yake: mhudumu wa afya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo, kwa hiyo haimjii akilini upesi anaposhika uvimbe wa paja.

Kwenye majibu ya maabara utakutana na majina marefu. Liposakoma hufanana na tishu za mafuta. Leiomiosakoma ni ya misuli laini, na mguuni mara nyingi huanzia kwenye ukuta wa mshipa wa damu. Miksofibrosakoma huwapata zaidi wazee na hupenda kukaa karibu na ngozi. Sakoma ya sinovia huwapata zaidi vijana, mara nyingi karibu na goti. Ipo pia isiyofanana na tishu yoyote inayotambulika, na hiyo ni miongoni mwa zile zinazoonekana sana kwa watu wa umri mkubwa.

Na sakoma ya Kaposi, ile ya madoa kwenye ngozi?

Jina ni la ukoo mmoja lakini ugonjwa ni mwingine. Kaposi husababishwa na kirusi, hushamiri pale kinga ya mwili inaposhuka, na matibabu yake huanza na kuirudisha kinga hiyo. Majibu ya hapa chini hayaihusu.

Kwa nini paja linatajwa sana?

Kwa sababu ndiko kwenye nyama nyingi. Karibu nusu ya sakoma zote za tishu laini hutokea mikononi na miguuni, miguu ikiongoza, na ndani ya mguu paja ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Paja pia lina nafasi ya kuficha. Uvimbe wa sentimita 10 unaweza kulala chini ya misuli ya mbele ya paja na mwenyewe asigundue mpaka siku suruali inapobana upande mmoja.

Ni tofauti na saratani ya mfupa?

Ndiyo, na kuzichanganya kumewatia watu hofu isiyo yao. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti mwaka 1977, kisha mwaka 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia akichangisha fedha za utafiti. Ugonjwa wake ulikuwa ostiosakoma, yaani saratani ya mfupa. Ile hushambulia mfupa wenyewe, hutibiwa kwa dawa za kemo karibu kila mara, na vijana ndio wanaoipata zaidi. Ya tishu laini huzidi kadiri umri unavyopanda, na msingi wa tiba yake ni upasuaji, mara nyingi ukiambatana na mionzi.

Uvimbe wangu hauumi hata kidogo. Si dalili kwamba hauna ubaya?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotezea miezi. Jipu huuma. Mtoki huuma. Msuli uliochanika huuma. Sakoma ya paja mwanzoni husukuma misuli pembeni taratibu, na mtu anaendelea kupanda ngazi na kwenda kazini kama kawaida. Maumivu yakija, mara nyingi uvimbe umeshakuwa mkubwa au umebana mshipa wa fahamu.

Kutouma, basi, hakumwondolei mtu shaka. Wala kujisikia mzima hakumwondolei: kukonda, homa na kukosa hamu ya kula si dalili za mwanzo za ugonjwa huu, na vipimo vya kawaida vya damu vinaweza kurudi safi kabisa. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kugundua sakoma ya mguu. Nasisitiza hilo kwa sababu "damu yako haina shida" ni sentensi iliyowarudisha wengi nyumbani.

Nitautofautishaje na uvimbe wa mafuta wa kawaida?

Kwa mkono peke yake huwezi, na daktari naye hawezi kwa uhakika. Faraja ni kwamba uvimbe mwingi si saratani: kwa kila sakoma moja kuna vivimbe 100 au zaidi visivyo na madhara. Kwa hiyo usiingiwe na hofu kwa kila kinundu, ila yapo mambo yanayofanya uvimbe ustahili kupigwa picha bila kusubiri.

La kwanza ni ukubwa unaozidi sentimita 5, yaani kama upana wa vidole vitatu vya mtu mzima vikiwa vimebanwa pamoja. La pili ni kukua, hata kama ni polepole. Uvimbe uliokaa miaka kumi bila kubadilika kisha ukaanza kukua unahesabiwa humo. La tatu ni kina. Kaa, nyoosha goti, kaza msuli wa paja huku vidole vikiwa juu ya uvimbe. Ukiwa juu ya msuli, utaendelea kuteleza chini ya ngozi. Ukiwa ndani ya msuli, utakaza pamoja nao na kugoma kusogea. Ulio ndani ndio wa kushughulikia kwanza. La nne ni uvimbe uliokwishakatwa ukarudi palepale.

Yakikutana mawili au matatu kati ya hayo, usikubali kuambiwa "tuuangalie tu" bila picha.

Ulianza baada ya kuanguka. Je, jeraha ndilo lililoleta saratani?

Jeraha halijathibitika kuwa chanzo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtu anajigonga, anapapasa pale panapouma, na anakuta kitu kilichokuwepo tayari.

Tatizo kubwa zaidi la hadithi ya kuanguka ni kwamba inamridhisha kila mtu. Uvimbe unapewa jina la damu iliyovilia, mgonjwa anaambiwa utayeyuka. Damu iliyovilia kweli huacha rangi kwenye ngozi na hupungua wiki hadi wiki. Ikiwa kishindo kilikuwa kidogo, ngozi haikubadilika rangi, na baada ya wiki kadhaa uvimbe uko vilevile au umeongezeka, maelezo hayo yamekwisha muda wake. Kuuchua nako hakuuyeyushi, kunachelewesha tu.

Sasa inasababishwa na nini?

Kwa wagonjwa wengi hakuna sababu inayopatikana, si chakula, si kazi, si kosa la mtu. Kwa wachache kuna kitu cha kushika. Waliowahi kupigwa mionzi ya tiba sehemu hiyo wanaweza kupata sakoma pale pale miaka mingi baadaye. Wapo waliorithi kasoro ya jeni, kama kwenye ugonjwa wa Li-Fraumeni, au wenye neurofibromatosisi aina ya 1, ambao vinundu vyao vya mishipa ya fahamu vinaweza kugeuka saratani. Kwao, kinundu kinachoanza kukua haraka au kuuma mfululizo ni cha kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo. Mguu uliovimba kwa miaka kutokana na kuziba kwa mishipa ya limfu nao unaweza, kwa nadra, kuota sakoma ya mishipa.

Haiambukizi.

Ikiwa nyongani au kwenye tako, dalili ni tofauti?

Tofauti sana, na nadhani sehemu hii haizungumzwi vya kutosha. Pajani kuna uvimbe wa kushika. Nyongani na makalioni nyama ni nene kiasi kwamba uvimbe unaweza kufikia ukubwa wa kutisha bila kuonekana kwa nje.

Kinachojitokeza kwanza huwa ni athari zake. Uvimbe wa ndani ya tako hukaa jirani na mshipa wa fahamu wa siatiki, ule mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, na kuubana kunaleta maumivu yanayoshuka nyuma ya paja hadi unyayoni, ganzi, au kidole gumba kinachokataa kunyanyuka. Mgonjwa hutibiwa mgongo kwa miezi. Picha ya mgongo inatoka nzuri, na hakuna anayefikiria kupiga picha ya tako. Dokezo moja: maumivu yanayozidi ukikalia upande ule, na yasiyotulia hata ukilala.

Mbele, kwenye kinena, uvimbe huchukuliwa kuwa henia au mtoki. Henia hutoka ukikohoa na kurudi ukilala. Isiyorudi inahitaji altrasaundi. Uvimbe ukibana mshipa mkuu wa vena, mguu mzima huvimba, na mtu huanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Huenda kweli damu imeganda, lakini bado pana kuuliza imeganda kwa nini. Uvimbe ulioingia ndani ya nyonga unaweza pia kubana kibofu au utumbo, mtu akaenda haja ndogo mara kwa mara au akafunga choo.

Kwa nini usikatwe tu, ukapelekwa maabara?

Kama utasoma jibu moja tu, lisome hili.

Sakoma hukua ikiwa na kitu kinachofanana na gamba. Daktari anayeukata akidhani ni mafuta anafurahi kuona unavyochopoka kwa urahisi, kama kokwa kwenye tunda lililoiva. Gamba lile ni la uongo. Limetengenezwa na tishu zilizobanwa, na seli za saratani zimeshapenya hadi upande wa pili. Kinachotoka ni donge. Mbegu zinabaki pale ulipokuwa uvimbe. Zaidi ya hapo, damu ya upasuaji inazipeleka seli hizo kati ya misuli ambayo ilikuwa safi, na bomba la kutolea damu linafungua njia nyingine.

Wiki mbili baadaye jibu la maabara linarudi, na sasa upasuaji wa pili lazima uondoe kovu, eneo lote lililoguswa na kisu, na njia ya lile bomba. Uvimbe ambao ungetolewa kwa usalama mara moja unageuka kazi ya kupandikiza ngozi na kuazima msuli kutoka kwingine. Hata mwelekeo wa chale una maana. Mguuni chale hupita urefu wa mguu, kwa sababu iliyokatwa kukingama hulazimisha kuondoa nyama nyingi zaidi baadaye.

Utaratibu ni huu: picha kwanza, kisha sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe, kisu mwisho. Mtu akikuambia ataufyeka kwa dakika ishirini kwa ganzi ya kawaida, na uvimbe una zaidi ya sentimita 5 au uko ndani ya msuli, muulize kwa adabu kama MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, imeshafanyika. Kama jibu ni hapana, omba rufaa. Ikiwa umeshakatwa hivyo, bado tiba ya kuponya ipo. Kinachotakiwa ni kufika haraka kwenye timu inayoshughulikia sakoma.

Vipimo vinakwendaje?

Altrasaundi huwa mlango wa kuingilia: ni ya haraka na inaweza kuonyesha kama ni maji au ni nyama. MRI ndiyo inayochora ramani, kwamba uvimbe uko kwenye msuli gani, umekaribia mshipa upi, umegusa mfupa au la. Eksirei ya kawaida huangalia mfupa na chembechembe za chokaa.

Kisha huchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Unalala, ngozi inatiwa ganzi, daktari anaingiza sindano nene akiongozwa na picha. Kuna mlio mfupi wa chuma kila kipande kinapokatwa, na huo huwashtua watu kuliko maumivu. Vinatoka vipande vyembamba kama uzi mnene, urefu wa sentimita moja au mbili, vinadondoshwa kwenye kichupa cha fomalini. Huchukuliwa vipande kadhaa. Mahali pa kuchomea hupangwa na daktari atakayefanya upasuaji, maana njia ya sindano inaweza kuondolewa pamoja na uvimbe.

Omba kinyama kisomwe na mwanapatholojia aliyezoea sakoma. Si dharau kwa wa kwanza. Majibu ya sakoma hubadilika mara nyingi yakisomwa upya, na tiba hubadilika nayo.

Sindano haiwezi kuisambaza?

Hofu hii naiheshimu, lakini madhara ya kukata bila kujua ni makubwa zaidi kwa mbali. Sindano iliyopangwa vizuri huacha njia nyembamba ambayo daktari anajua ilipo.

"Daraja" na "hatua" ni kitu kimoja?

Hapana. Daraja ni ukali wa seli chini ya hadubini, kuanzia 1 hadi 3: zinafanana kiasi gani na tishu ya kawaida, zinagawanyika kwa kasi gani, na sehemu gani ya uvimbe imekufa. Hatua inajumlisha daraja, ukubwa (mipaka ni sentimita 5, 10 na 15) na kama imesambaa. Kwenye sakoma daraja lina uzito kuliko ilivyo kwenye saratani nyingi nyingine. Muulize daktari wako namba hiyo kabla ya zote.

Husambaa wapi?

Mapafuni, kwa njia ya damu. Ndiyo maana hupigwa CT ya kifua, yaani eksirei ya tabaka kwa tabaka, hata kama hukohoi. Mitoki ya kinena huguswa mara chache, isipokuwa kwa aina fulani kama rabdomiosakoma. Liposakoma ya miksoidi ina tabia yake ya kwenda kwenye mgongo na kwenye mafuta ya sehemu nyingine, kwa hiyo hupewa picha za ziada.

Nitakatwa mguu?

Kwa uwezekano mkubwa, hapana. Zamani kukata ndiyo ilikuwa tiba. Mwaka 1982 madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 43: 16 walikatwa kiungo, 27 waliondolewa uvimbe tu kisha wakapewa mionzi. Uvimbe ulirudi kwa wachache waliobaki na viungo vyao, lakini kuishi hakukutofautiana. Tangu hapo kuokoa mguu ndiyo kanuni, na vituo vyenye uzoefu huokoa zaidi ya miguu 9 katika 10.

Daktari huondoa uvimbe ukiwa umezungukwa na tishu safi pande zote, bila kuuona wenyewe. Mshipa wa damu ukiwa ndani yake, hukatwa na kuungwa mwingine. Hata mshipa wa siatiki unaweza kuondolewa: unyayo hulegea na kupoteza hisia, unavaa kishikizo cha kifundo, lakini mguu unabaki na unatembelewa. Kukatwa kunabaki kwa uvimbe uliomeza kila kitu, au uliooza na kutoa damu. Nyongani uamuzi ni mgumu zaidi kwa sababu nafasi ya kupata tishu safi ni finyu.

Mionzi ni kabla au baada ya upasuaji?

Zote zinafanyika, na kila moja ina bei. Kabla: kwa kawaida wiki 5, vipindi 25, dozi ya jumla grei 50 (grei ni kipimo cha mionzi). Baada: grei 60 hadi 66, kwa eneo kubwa zaidi. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha matatizo ya kidonda kwa asilimia 35 ya waliopata mionzi kabla, dhidi ya asilimia 17 ya waliopata baada. Upande wa pili, mionzi ya baadaye huacha mguu mgumu na uliovimba, na hali hiyo haiondoki, wakati kidonda hupona. Kama goti au nyonga yako itabaki ndani ya eneo la mionzi, mimi ningeegemea kabla. Uvimbe mdogo wa daraja la 1 ulioondolewa vizuri unaweza kutohitaji mionzi kabisa.

Na dawa za kemo?

Si kwa kila mtu. Kwa rabdomiosakoma, ambayo ni ya watoto zaidi, ni lazima. Kwa uvimbe mkubwa, wa ndani, wa daraja la 3, timu inaweza kupendekeza doksorubisini na ifosfamaidi, na faida yake bado inajadiliwa kwa kila mgonjwa kivyake. Kwa iliyosambaa, kemo ndiyo tiba kuu, ingawa madoa machache ya mapafuni yanaweza kukatwa. Doksorubisini hugusa moyo, kwa hiyo moyo hupimwa kwanza. Unayetaka watoto baadaye, sema kabla ya dozi ya kwanza, si baada. Mbegu za kiume au mayai huhifadhiwa kabla.

Uwezekano wa kupona ukoje?

Kwa takwimu za Marekani, ikigunduliwa ikiwa bado mahali ilipoanzia, takriban watu 8 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikiwa imeshafika mapafuni au mbali, ni chini ya 2 kati ya 10. Namba hizo zinachanganya aina na madaraja yote, kwa hiyo yako inaweza kuwa nzuri kuliko hizo au mbaya zaidi.

Baada ya matibabu nitafuatiliwa hadi lini?

Miaka 2 hadi 3 ya kwanza, kila baada ya miezi 3 au 4, kwa kushikwa mguu na kupigwa picha ya kifua. Kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa tano, halafu mara moja kwa mwaka. Kinachorudi, kwa kawaida hurudi ndani ya miaka ile ya kwanza. Mazoezi ya viungo huanza mapema, mara daktari wa upasuaji anaporuhusu. Jihadhari na paja lililopigwa mionzi: mfupa wake unaweza kuvunjika hata baada ya miaka, kwa kuanguka kudogo. Maumivu mapya ya paja yanastahili eksirei.

Nibebe nini siku ya kwanza kwa mtaalamu?

Picha zenyewe za MRI kwenye diski, si karatasi ya maelezo peke yake. Ripoti ya upasuaji kama ulishakatwa, ikionyesha chale ilipita wapi. Kutoka maabara omba vipande vya kinyama vilivyogandishwa kwenye nta pamoja na vioo vyake. Ni haki yako kuviomba, na bila hivyo huenda ukachomwa sindano upya. Chukua pia kalamu ya wino na ngozini zungushia mahali ulipogundua uvimbe mara ya kwanza, ikiwa umeshaondolewa na kovu halionekani vizuri.